Jiwe la Dosia Lasubiri Meli

Belair, Kariaku
3 Septemba 1996

Mwanangu Verlyn,

Mimi mzima, isipokuwa magoti yananigomea nikipanda kutoka kanisani, na yakigoma nayasema hadharani mpaka yaone haya. Mvua imetunyima tena. Kisima kimebaki tope, mbaazi zimetoa maua zikayadondosha. Mbuzi wa Ezra kaingia shambani kwangu mara mbili. Mara ya tatu atatoka akiwa mchuzi, na Ezra nimemwambia hivyo machoni. Ile gari yake ya kutembezea wageni bado inakwenda, usiniulize kwa nguvu gani. Umoja wa Akina Mama wamenichagua tena kuwa mwenyekiti, maana hakuna mwingine anayethubutu.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Mama yako amenijia. Mara ya kwanza nilidhani ni wale samaki wa kukaanga niliokula. Mara ya pili niliamka nikawasha taa. Juzi kaja tena, kasimama mlangoni na lile gauni lake la buluu. Nikamwambia, "Dosia, ingia basi, mdogo wangu." Akasema, "Niingie nikae wapi, Icilma? Miaka mitano nimelala kwenye udongo mtupu. Jiwe langu liko wapi?"

Jiwe lipo. Canute amelimaliza tangu Juni, jina na miaka, herufi nzuri mpaka unashangaa zimetokaje kwenye mkono wa mlevi yule. Liko sebuleni kwangu juu ya mabenchi mawili, nimelifunika shuka jeupe. Watu wakija kunitembelea wanashusha sauti, utadhani kuna mgonjwa. Lakini taratibu zetu unazijua. Jiwe halisimami bila saraka, karamu ya kuwalisha wafu na walio hai, na saraka bila mtoto ni kula tu. Mtoto ndiye anayemwaga maji ya kwanza kaburini, mtoto ndiye anayemwita marehemu na kujitaja. Na Dosia alizaa mmoja.

Habari ya siku ile ya mazishi sijawahi kukuuliza na leo sianzi. Ninachotaka ni tarehe. Nipe tarehe ninunue kondoo.

Mama yako mkubwa,
Icilma Bedeau


Melini, tumetoka Antigua
22 Oktoba 1996

Mama Mkubwa, shikamoo,

Barua yako imenikuta Bridgetown ikiwa na umri wa wiki sita. Imezunguka visiwa vingi kuliko mimi. Pole na magoti. Mimi mgongo tu, kwa sababu sasa nina vyumba kumi na vinane vya kusafisha badala ya kumi na vinne, na kila jioni lazima nikunje taulo ziwe mnyama, niziache kitandani. Bata, tembo, sungura. Abiria, watu wazima na akili zao, wanapiga kelele za furaha. Mwenzangu wa chumba ni Mfilipino, mtu mwema sana akiwa macho, ila akilala anakoroma mpaka bilauri zinatetemeka.

Habari ya Mama niliisoma kwenye stoo ya mashuka, nimekaa juu ya ndoo. Nililia nikamaliza, nikarudi kazini.

Likizo hakuna mpaka mkataba uishe Agosti. Lakini sikiliza. Ratiba ya mwakani imetoka, na Alhamisi tarehe 17 Aprili tunatia nanga Hillsborough. Abiria watashushwa kutembea kisiwani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sisi wafanyakazi tunapewa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ezra akinisubiri gatini na gari, saa nne na robo niko Belair. Tunalipeleka jiwe, namwaga maji, namwita Mama, tunakula, nakimbia.

Fanya siku hiyo, Mama Mkubwa. Nakuomba.

Mwanao,
Verlyn


Belair
28 Novemba 1996

Verlyn,

Salamu zako zimefika pamoja na kadi yenye picha ya meli. Nimeiweka kifudifudi. Mvua imekuja hatimaye, yote kwa siku moja, imebomoa choo cha shule. Yule mbuzi wa Ezra ni marehemu. Hakuna ajuaye ilikuwaje, na alikuwa mtamu.

Tunalipeleka, namwaga, tunakula, nakimbia! Hebu isome sentensi hiyo kwa sauti uone kama hutaona aibu. Mama yako si abiria wa kuitwa kwa kengele. Ngoma Kubwa inaanza jua likizama. Sahani ya wazee waliotangulia inakaa mezani usiku kucha, chakula kisichotiwa chumvi, hakuna wa kuigusa mpaka jogoo awike. Asubuhi ndipo jiwe linabebwa. Wewe unataka kuyabana haya yote kwenye muda wa mtu kwenda sokoni kununua vitunguu? Nilimwonyesha Canute barua yako, akasema labda tumfunge Dosia saa ya mkononi. Nilimfukuza, lakini alisema kweli.

Nimekaa siku tisa nikisema hapana. Siku ya kumi mama yako kanijia tena. Kalitazama jiwe, kanitazama mimi.

Basi. Ngoma na sahani tutafanya Jumatano usiku, bila wewe, liwalo na liwe. Jiwe litabebwa Alhamisi asubuhi. Lakini saa nane mchana sitaki kuisikia. Canute akishakoroga saruji lazima ikamate, na jiwe haliachwi peke yake mpaka likamate. Nataka siku yako nzima, tangu mashua ya kwanza hadi ya mwisho. Nenda kwa wakubwa zako ukaombe. Na uombe kwa mdomo wako, Verlyn. Wakikataa, wakatae wao. Usikatae wewe kwa niaba yao.

Icilma


Bridgetown
30 Januari 1997

Mama Mkubwa, shikamoo,

Heri ya mwaka mpya! Naandika kwa haraka, meli inaondoka. Nimeipata! Siku nzima! Niliomba kwa mdomo wangu kama ulivyosema, na wamekubali!

Nina maswali machache tu. Njia ya kwenda makaburini, mtu aliyevaa ndala anaweza kupita? Kuna kivuli cha kutosha watu wengi kidogo? Na mabenchi ya kanisa, padri akiombwa, anaazima mangapi?

Nimefurahi sana. Msalimie Canute.

Verlyn


Belair
6 Machi 1997

Verlyn,

Sina habari za afya leo. Nikiwa mzima nikiwa mgonjwa hayakuhusu.

Nilidhani unauliza mabenchi kwa ajili ya marafiki zako wa kazini. Nikasema, mtoto amekuwa na adabu, analeta wenzake wamsimamishie mama yake jiwe. Nikaenda kwa padri mwenyewe na magoti haya nikaazima sita.

Jumanne kaja Ezra na karatasi aliyopewa na wakala wa meli mjini, ili ajue atabeba abiria wangapi. Kaikunjua mezani kwangu, pembeni ya jiwe. "Siku Moja Kariaku. Asubuhi: kuogelea kisiwa cha mchanga. Mchana: sherehe halisi ya jiwe la kaburi katika familia ya wenyeji, ngoma na chakula vikiwemo. Nafasi arobaini." Na bei yake. Ezra ananiambia, "Shangazi, unajua kwamba wewe ni halisi?" Nilitaka kumpiga na kinara cha mshumaa.

Kwa hiyo ndivyo ulivyoipata siku nzima. Umemuuza mama yako tiketi arobaini.

Nilikuomba uombe ruhusa. Mara moja tu katika maisha yako, ukaombe. Kumbe ukiambiwa utumie mdomo, hivyo ndivyo unavyokwenda kuutumia.

Na kwa kuwa umenifikisha hapa, nitasema. Siku tuliyomzika Dosia meli yako ilikuwa Hillsborough. Ulikuwa umeniandikia wiki mbili nyuma kwamba umehamishiwa ile ndogo nyeupe yenye mstari wa kijani. Niliiona. Sitaongeza neno.

Saraka imevunjika. Jiwe litakaa chini ya shuka lake mpaka nami nife. Canute atachonga la pili, tusimamishwe wote pamoja, wakati huo wewe ulete hata abiria mia.

I. Bedeau


Melini, Saint Kitts
20 Machi 1997

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hata kama hutaiitikia.

Nilikuwa chumba namba 214. Nilikuwa natandika kitanda cha mzee mmoja na mke wake, ambao walikuwa wameshuka kwenda kuona mandhari ya nyumbani kwetu. Dirisha la chumba kile lilielekea mlimani. Niliona miavuli myeusi inapanda barabara ya Belair, mmoja mmoja. Niliihesabu mpaka ishirini na saba. Kisha nikamalizia kuchomekea shuka.

Sikuomba. Ndiyo. Mama alipougua niliomba nikakataliwa, na mkuu wangu akaniambia nikija na ombi lingine nije nimeshafunga sanduku langu la nguo. Mama mwenyewe kwenye simu aliniambia nisiache kazi. Lakini hizo si sababu, nimezitafuta miaka mitano zisaidie na hazisaidii. Niliogopa. Nilijiambia nitaomba nikimaliza chumba hiki. Kisha kinachofuata. Nilimaliza vyumba vyote kumi na vinne, nanga ikavutwa.

Hili la karatasi ilikuwa hivi. Nilikwenda kwa Bi Hollis, anayepanga matembezi ya abiria, kwa sababu yeye husikilizwa. Akaniuliza siku nzima ya nini. Nikamweleza yote, jiwe, shuka, ngoma, sahani, na nilimweleza kwa fahari, Mama Mkubwa, nikidhani ataguswa. Na kweli aliguswa. Alipiga makofi. Akasema abiria wangependa sana, na mimi niwaongoze, na siku nzima nitapewa kama kazi. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri, kisha nikafikiri nikaogopa kusema hapana. Ni ugonjwa ule ule.

Jana nimekwenda kusema hapana. Safari hii nimelisema kwa mdomo wangu. Bi Hollis kakasirika. Kasema basi siku nzima hakuna, nitapata muda wangu kama wengine, saa nne hadi saa nane, na nishukuru kama nitapata huo.

Sasa mimi nakwambia nilivyoamua. Tarehe 17 Aprili nitashuka. Kama wamenipa ruhusa nitashuka na begi dogo, kama hawakunipa nitashuka na sanduku. Saa nne na robo nitakuwa mlangoni kwako. Ukiufunga, nitakaa barazani na jiwe liko upande wa pili wa ukuta. Sijali nani ananitazama. Mimi ndiye mtoto, na maji nitamwaga.

Verlyn


Belair
3 Aprili 1997

Mwanangu Verlyn,

Marahaba.

Hii nampa nahodha wa jahazi la mizigo ailete Barbados kwa mkono, posta siiamini tena. Magoti afadhali. Kisima kina maji.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikaisoma kwa sauti mbele ya jiwe, maana inamhusu yeye kuliko mimi. Kisha nikawaita wazee wa ukoo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mzee Compton, ambaye masikio yake yamekufa lakini kichwa kipo, kauliza, "Ubishi wenyewe ni nini?" Nikampigia kelele sikioni: wageni arobaini wanataka kuja kwenye saraka! Akasema, "Sasa? Tangu lini mlango wa saraka una bawabu?"

Ubishi ukaishia hapo. Kwa sababu ni kweli. Bibi yangu alipofanya saraka, mabaharia wa Kinorwe walipita njiani na wakala. Hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Kosa lako si kuleta watu, mwanangu. Kosa lako ni kuwawekea bei. Hasira zilinipeleka mbali na njia nikasahau na mimi desturi zangu, mwenyekiti mzima.

Kwa hiyo mwambie Bi Hollis wako hivi. Mtu yeyote na aje. Halipi hata senti, na anayetaka kulipa arudi melini. Anakula tunachokula. Kofia anavua, kamera anaacha garini kwa Ezra. Na hapandi mlima mikono mitupu: kuna maji ya kupandisha, kuna mchanga, kuna mawe, kuna kuni. Akikubali, aje. Asipokubali, njoo peke yako, na mlango utaukuta wazi.

Canute nitamfanya aanze msingi alfajiri. Na nitamficha chupa.

Jambo moja la mwisho, na hapa sitanii. Watu wa hapa wanajua kwamba siku ya mazishi ulikuwa kaskazini kwenye barafu, siku nne mbali na simu. Ndivyo nilivyowaambia wote, na padri nilimwambia hivyo hivyo. Libaki hivyo. Utakapomwita mama yako, taja jina lako, mwambie umekuja, mwombe apokee jiwe. Zaidi ya hapo ni kati yako na yeye, unaweza kumwambia moyoni.

Kondoo nimenunua, mweusi, ana hasira kama mimi.

Mama yako mkubwa,
Icilma


Melini
19 Aprili 1997

Mama Mkubwa, shikamoo,

Hukuniaga. Ulinipa sahani yangu, ukaniwekea mbaazi nyingi na ugali na nyama ya kifua, kisha ukageuka na hukunitazama tena mpaka Ezra alipowasha gari. Kwa hiyo naandika yale ambayo ningeyasema kama ungenitazama.

Kwanza, namna walivyokuja wale sita. Bi Hollis alisoma masharti yako akasema, "Bila tiketi? Basi hayo si matembezi," akaifuta sherehe kwenye karatasi. Lakini waliojiandikisha walianza kuniuliza milangoni, mimi nikiwa na ndoo mkononi. Niliwajibu mmoja mmoja. Nikasema ni jiwe la mama yangu, hakuna kulipa, ila kuna kazi ya kubeba mchanga kwenye jua. Thelathini na nne wakakumbuka kwamba wanapenda kuogelea. Wamerudi kutoka kisiwa cha mchanga migongo myekundu kama kamba waliochemshwa, na leo nawapelekea barafu vyumbani.

Sita wakaja. Yule mzee mwenye mikono mikubwa, Bwana Ostrander, aliyemnyang'anya Canute mwiko, amekuwa mwashi miaka arobaini. Canute alipomwambia, "Mzee, hapa huwezi, saruji yetu haijui Kiingereza cha kwenu," yeye akamjibu kwamba saruji yenyewe imetiwa maji kama uji wa mgonjwa. Sikuwatafsiria matusi yote. Lakini nilipowaona wamepiga magoti pande mbili za jiwe, wameshikilia pembe zake, wanagombana kama ndugu, nilijua Mama anacheka.

Muda wangu uliisha saa nane na saruji bado haijakamata, na wewe ulisema jiwe haliachwi. Kwa hiyo sikuliacha. Nilikaa nimelishika mpaka Bwana Ostrander alipoligonga kwa kidole akasema tayari. Ilikuwa saa kumi kasoro. Nilirudi na mashua ya abiria, sare yangu ina saruji mpaka kifuani. Nimeandikiwa onyo. Nimelitia sahihi bila kulisoma, na pale pale nikawaambia wasinihesabu baada ya Agosti. Bi Hollis aliniuliza, "Unafikiri utakuja kupata kazi kama hii?" Nikamwambia natumaini sitaipata.

Pili, lile ulilonikataza.

Najua uliniambia libaki la kaskazini. Nilipanda mlima nimekusudia kukutii. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, jina, nimekuja, pokea jiwe. Nikashika kibuyu cha maji, nikainua macho, na ile meli ilikuwa pale pale ilipokuwa siku ile. Madirisha yake yanaonekana kabisa kutoka kaburini kwa Mama. Mimi miaka yote nilijua nilivyowaona ninyi. Sikuwahi kufikiria kwamba Mama naye alikuwa ameelekezwa kwangu.

Nisingeweza kumwaga maji kwa uongo. Basi nilisema, na ninayarudia hapa kwa maandishi usije ukadhani niliteleza: "Mama, ni Verlyn. Siku ulipozikwa sikuwa kaskazini. Nilikuwa pale chini, ndani ya meli, natandika kitanda cha mtu. Niliwaona. Sikuomba ruhusa kwa sababu niliogopa. Leo nimekuja, pokea jiwe lako."

Nimekufanya uonekane mwongo mbele ya padri na Umoja wa Akina Mama wote. Hilo linaniuma na nakuomba radhi kwa hilo. Kwa maneno yenyewe siombi radhi. Hata kama hutaniandikia tena, Agosti narudi nyumbani, na nitakuja mlangoni kwako kama nilivyokuja.

Mwanao,
Verlyn


Belair
4 Mei 1997

Mwanangu Verlyn,

Marahaba, na kaa chini uisome hii umekaa.

Sote wazima. Jiwe limesimama wima, limekamata sawasawa, jana mvua imelipiga halikutikisika. Canute anamwambia kila mtu kwamba amelijenga peke yake na kwamba yule Mmarekani alikuwa anashikilia ndoo. Mmarekani kaniandikia kadi. Anauliza kama Canute ameacha kutia maji mengi. Kadi hiyo nimeibandika kanisani.

Ndiyo, nilikasirika. Uliposema yale nilitaka ardhi inimeze, na ilikuwa imechimbwa tayari. Miaka mitano nimeushikilia uongo ule kwa mikono miwili, nimeupamba, nimeutia barafu na upepo, mpaka wengine wakawa wananiletea soksi za sufi nikutumie. Wewe ukaja ukaumwaga na maji. Sikukutazama kwa sababu ningekutazama ningelia, na nilikuwa na sahani themanini za kupakua.

Lakini hujui kilichotokea gari lilipokwisha teremka. Hilo ndilo nakuandikia.

Watu wote, waliokuwa wamejizuia kwa ajili yako, sasa wananitazama mimi. Padri anajifanya anafuta miwani. Bi Eudora, anayeutaka uenyekiti wangu tangu mwaka 1988, anavuta pumzi aanze. Mara Canute kanyanyuka kutoka pale kaburini, mwiko mkononi, kasema kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha Harvey Vale, "Ngoja kwanza! Meli ilikuwa pale? Siku ile? Icilma! Ndiyo maana ulinichimbisha!"

Maana yeye ndiye aliyechimba kaburi la mama yako. Alikuwa amelimaliza saa saba, kaburi zuri la kipimo. Mimi nikachungulia nikamwambia, "Fupi." Akachimba. Nikamwambia, "Bado fupi." Padri akaja na saa yake, nikamwambia, Baba, tutafanyaje, kaburi bado. Wakaimba nyimbo zote walizozijua, wakarudia za kwanza. Jeneza liko kivulini, na Canute anachimba. Saa tisa ilibaki kofia yake tu inaonekana, na matusi. Saa kumi hata kofia haikuonekana, tukamtoa kwa kamba.

"Miaka mitano," Canute anawaambia watu, machozi yanamtoka na sijui kama ni ya kucheka, "miaka mitano nawaambia watu huyu mama alimchukia mdogo wake, kamzika chini kama kisima! Kumbe alikuwa anamngoja mtoto!"

Wakaangua kicheko, Verlyn. Makaburi mazima. Bi Eudora kacheka mpaka kashikilia jiwe. Nami nikacheka, kisha nikashindwa, nikalia mbele yao wote kwa mara ya kwanza tangu afe, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Hilo ndilo sikutaka ulijue. Uongo wa kaskazini niliufanya wasikuseme. Lakini hili la kuchimba nililificha kwa ajili yangu, kwa sababu mtu aliyengoja akaachwa anaona aibu kuliko aliyeacha.

Kwa hiyo ukirudi Agosti na ukasikia kwamba kaburi la mama yako ndilo refu kuliko yote Kariaku, ni kweli. Nilikuwa nimesimama pale juu naangalia gati. Kila mashua ikija kutoka melini nilisema, yule ndiye. Kumbe anashuka mgeni na kofia yake ya ukindu na kamera, anauliza ufukwe uko wapi, nami namgeukia Canute namwambia aongeze kidogo.

Mama yako mkubwa,
Icilma